Majivu ya Jiko la Marcelline

Majivu hayaibiwi. Mtu anaiba kuku, anaiba makala, na katika miaka ile ya Zaire wapo walioiba hata mlango wa choo. Lakini majivu? Ndiyo maana asubuhi ile, Marcelline alipoinama mbele ya jiko lake na kukuta mawe matatu yamebaki peke yao, katikati pamekombwa kama sahani ya mtoto mwenye njaa, hakujua amwambie nani bila kuchekwa.

Kambi yao ilikuwa porini, mbali na barabara ya Kambove. Familia chache za mji wa Likasi zilihamia huko kila kiangazi kuchoma makala, maana mshahara wa kampuni ya shaba ulikuwa ukifika nyumbani umeshachoka. Huko hakukuwa na bomba, wala umeme, wala duka. Na sabuni, we! Hata mjini sabuni ilikuwa kama mgeni wa heshima: inasikika ipo kwa watu fulani, ukifika imeondoka. Kwa hiyo vyombo viling'aa kwa majivu. Kila mwanamke alichota ya jiko lake kwenye kopo la maziwa, akateremka mtoni kwenye jiwe la bapa, akasugua sufuria kwa majivu na majani ya msasa mpaka masizi yakakubali kuachia.

Marcelline angeweza kuomba majivu kwa jirani, mambo yakaisha. Ila alikuwa mjamzito, na majivu ya mwanamke mjamzito hayashikwi na mkono mwingine. Bibi yake, mtu wa kabila la Wasanga wa kule Lufira, alimfundisha hivyo tangu utotoni: yanayobaki baada ya kuosha vyombo uyamwage mwenyewe chini ya kichuguu, kwa kuwa moto wa jiko na mtoto wa tumboni ni ndugu, na anayemchukua mmoja amemshika mwenzake. Wewe unaweza kucheka. Marcelline hakucheka. Alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla hawajajua kukaa, na hili lilikuwa tumbo lake la tatu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kesho yake majivu yalikosekana tena. Hapo akaanza kuwatazama wenzake mikononi.

Haikumchukua muda kumpata wa kumshuku. Mama Germaine alikuwa mjane, mtu mzima, anayechoma makala na kaka yake. Babu yake aliletwa kwa treni kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa Likasi na hajawahi kuiona Kasai hata kwa picha. Lakini kwa majirani wengine mtu wa Kasai huzaliwa mgeni kila asubuhi, hata akikaa miaka mia. Marcelline hakujiona kuwa mmoja wa majirani hao. Nani hujiona?

"Weye hauone?" Eugénie alimnong'oneza mtoni, huku akikwangua ukoko wa bukari, ugali wa kule. Eugénie alikuwa na kibanda pembeni ya cha Marcelline, na masikio kwenye vibanda vyote. "Mama Germaine iko na nyungu moja kubwa, mweusi. Hailete huku ata siku moja. Sisi bote tunaosha hapa, yeye ile nyungu anaoshea wapi?"

"Labda haioshe."

"Nyungu yenye haioshwe inapika nini, dada? Minye sisemi kitu. Minauliza tu."

Eugénie hakuwahi kusema kitu maishani mwake. Aliuliza tu, na maswali yake yalibomoa nyumba za watu.

Marcelline alirudi na sufuria kichwani, na swali ndani ya kichwa chenyewe. Sasa akaanza kukumbuka mambo. Kambi nzima ililisalimia tumbo lake: wanawake walilipapasa, wanaume walitania kwamba ndani mna mchoma makala. Mama Germaine peke yake hakulitaja. Alisalimia kila kitu, hata mbwa wa Eugénie, ila tumbo hapana. Likitajwa mbele yake, aligeuza uso na kuanza kutafuta kijiti cha kuchokolea moto. Mtu anayeogopa kutazama kitu, Marcelline alijiambia, ana mpango nacho.

Ikabidi amvizie. Kulipopambazuka alichukua ndoo, akaaga kwa sauti kwamba anakwenda mtoni, kisha akazunguka na kujibanza nyuma ya kichuguu, tumbo lake likimtangulia. Hakukaa sana. Mama Germaine alitoka, akaangaza huku na huku, akapiga magoti mbele ya jiko la Marcelline. Alichota majivu kwa kiganja, akayapuliza makala yaliyobaki, akayachekecha kwa vidole, akachagua yaliyo meupe zaidi. Kisha akafanya jambo lililomfanya Marcelline azibe mdomo kwa kitenge. Alitia kidole kwenye majivu, akakilamba, akafumba macho akionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafunga majivu kwenye kitambaa, akaenda zake.

Nitakuambia ukweli: mimi ningekuwa Marcelline, ningepiga kelele. Yeye hakupiga. Alikwenda kwa mume wake, Floribert, aliyekuwa akitia udongo kwenye tanuru ya makala, akamweleza yote kwa pumzi moja.

Floribert alicheka. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. "Majivu? Marcelline, si umuulize?"

"Mulozi anaulizwaka?"

"Mama Germaine ni mulozi sasa? Juzi alikupa dawa ya kiungulia, ukakunywa."

"Njo pale alianza!"

"Bon, sawa," alisema Floribert, na kurudi kwenye udongo wake. Hilo lilikuwa la pili. Mwanamke mwenye hofu akiachwa peke yake atafanya la kufanya, na mara nyingi si zuri.

Nyuma ya choo cha kambi kulikuwa na gunia la chokaa. Floribert aliwahi kufanya kazi kwenye machimbo ya Kakontwe, na kila mwaka alipata huko chokaa kidogo ya kutia shimoni, kufukuza nzi. Ilikuwa chokaa kali, iliyochomwa lakini haijaonja maji. Ikiyaonja huchemka yenyewe bila moto, na kila mtoto wa Likasi hukatazwa kuigusa kabla hajajua hata kuhesabu. Marcelline aliisaga ikawa unga, akaichanganya na majivu ya jiko lake. Rangi ilikuwa ile ile. Usingejua.

Hakutaka kuua mtu. Alijiambia hivyo, na nadhani alikuwa akisema kweli. Alitaka alama tu. Mikono ya mwizi ikiungua, kambi nzima itaona, na mtu aliyeonekana hawezi tena kula mtoto wa mwenzake kimyakimya. Majivu ya kuoshea vyombo vyake mwenyewe aliyaficha ndani, chini ya kitanda.

Siku iliyofuata jiko lilikombwa tena. Jua lilikuwa bado halijapanda vizuri waliposikia ukelele kutoka nyuma ya kibanda cha Mama Germaine, ukelele mmoja mfupi, kama mtu aliyejizuia. Eugénie alifika wa kwanza, bila shaka. Alirudi akipepea mikono yake mwenyewe kana kwamba iliyoungua ni hiyo.

"Viganja vyote mbili! Ngozi inatoka! Anasema maji ya moto ilimumwangikia."

Marcelline alisikia furaha ikimpanda kifuani, furaha mbaya, ya moto. Nimempata. Maji ya moto! Mbona asiseme majivu?

Kulikuwa na desturi pale kambini: mgonjwa halali na vyombo vichafu. Mwanamke akiugua au akifiwa, wenzake humwoshea mpaka asimame. Wanawake walipokusanyika mlangoni kwa Mama Germaine kugawana vyombo vyake, Marcelline alijipenyeza mbele na tumbo lake.

"Minye nitabeba ile nyungu kubwa."

"Na ile mimba?" mmoja aliuliza.

"Mimba haiko ku mikono."

Mama Germaine alikuwa amelala juu ya mkeka, viganja vimefungwa vitambaa vyenye mafuta ya mawese. Alipoona ni chungu gani kinachochukuliwa, aliinua kichwa. "Ile hapana, mwana. Ile uiache tu." Sauti ilikuwa ya kuomba. Ndiyo iliyozidi kumkaza Marcelline. Alikibeba.

Mtoni alikaa mbali kidogo na wenzake. Chungu kilikuwa na utando wa kahawia ukingoni, mgumu, wenye harufu ya mawese na kitu kingine kinachochoma puani. Hakuthubutu kutia mkono. Alimwaga maji, akachukua kijiti, akazungushia majani ya msasa kwenye ncha, akaanza kusugua kwa mbali kama anayemchokoza nyoka. Hakutia majivu hata punje.

Chungu kikatoa povu.

Alisita, akasugua tena. Povu likapanda jeupe, zito, likajaa mpaka mdomoni, likamwagika juu ya jiwe na kuteremka na mto mbele ya wanawake waliokuwa wakihangaika na majivu yao. Wote wakaacha kusugua.

"Sabuni," Eugénie alisema, na safari hii hakuuliza.

Sasa Marcelline aliingiza mkono mzima. Utando uliteleza kwenye vidole vyake, na masizi ya kiganja yakaondoka yenyewe. Marcelline alikaa pale juu ya jiwe akitazama povu likienda, na taratibu alielewa. Jiko lake peke yake kambini ndilo lililowashwa kwa vigunzi vya mahindi na mabua ya maharage, kwa kuwa moshi wa kuni ulimtia kichefuchefu. Wengine walikuwa na majivu ya magogo. Ya kwake yalikuwa meupe na makali, na anayepika sabuni hujua ukali kwa kuonja. Kwa hiyo yule mama alikuwa akionja sabuni. Hakuwa akionja mtoto wa mtu.

Alikiacha chungu pale pale, akapanda mlima mdogo wa kambi akihema.

Mama Germaine alikuwa amekaa kitako sasa. Mbele yake, juu ya jani la mgomba, kulikuwa na vipande vya sabuni ya kahawia, vizuri, vimekatwa sawasawa. Alikuwa akivisukuma kwa kiwiko kuelekea kwenye moto.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninatupa yote, ata hii ya majivu ya juzi. Leo majivu sikuionja, maji yake iliniunguza mikono; nilipima mubaya, sijui wapi. Miaka yote ninapika sabuni, haijawahi kuniuma hivi. Kama imekula mikono ya muntu muzima, ngozi ya mutoto itafanya nini?" Kisha akauma mdomo, kama aliyeangusha kitu.

"Mutoto gani?"

Mama Germaine tayari alikuwa ametazama tumbo, kwa mara ya kwanza tangu waje porini.

Marcelline alipiga magoti. "Mama, haukupima mubaya. Ni minye. Nilitia chokaa ya choo ndani ya majivu. Niliona unayachukua. Nilisema unataka kumukula mutoto wangu."

Mama Germaine aliinua mikono yake iliyofungwa, akaitazama, mmoja kisha mwingine.

"Ulishindwa kuniuliza?"

"Na weye, mama, ulishindwa kuniomba?"

Hapo Mama Germaine alikasirika kweli, machozi yakamtoka kwa hasira. "Kwetu mutoto hatumutayarishie kwa mudomo! Ulizika wawili, na kila siku banamushika, banamutaja, banamucheka! Nilisema mimi nitanyamaza. Nitafanya kintu yake kimya, kifo isisikie kama kuko muntu anakuja. Mikono itapona, Marcelline. Lakini umenifanya nimutaje."

Wote wawili walikuwa wakimlinda mtoto mmoja, kila mtu kwa mwiko wake, na miiko hiyo ikagongana. Marcelline alizinyakua zile sabuni kutoka kwenye moto kwa mikono yake, akazifunga kwenye jani, akazirudisha pembeni ya mkeka. Tangu siku hiyo mpaka kambi inavunjwa aliviosha vyombo vyote vya Mama Germaine, cha kwanza mpaka cha mwisho, na hawakuongea zaidi ya salamu. Usiku hakulala vizuri. Hofu aliyokuwa akiitafuta kwenye chungu cha mwenzake sasa ilikuwa yake mwenyewe, ameipika kwa mkono wake.

Mtoto alizaliwa Likasi, mvua za kwanza zikipiga bati. Alikuwa msichana, mwenye sauti ya kuuza samaki. Eugénie alileta kifurushi cha jani la mgomba, akasema kimetumwa, na mara hii hakuongeza neno. Wakamwogesha kwa sabuni ile. Ngozi yake haikupata hata kipele.

Alipoanza kukaa mwenyewe, jambo ambalo ndugu zake hawakulifikia, Marcelline alimfunga mgongoni, akaenda kwa Mama Germaine. Hakutanguliza mtu, wala hakubeba zawadi. Alimkuta uani akichambua sombe, majani ya muhogo, akamfungua mtoto na kumnyooshea.

Mama Germaine alipangusa mikono haraka, akaitanguliza, kisha akaiona. Viganja vilikuwa vimepona, lakini vimebaki na mabaka, vikavu na vigumu kama jani la msasa. Akairudisha nyuma ya mgongo.

"Hapana. Mikono yangu inakwaruza."

"Acha imukwaruze, mama," alisema Marcelline. "Imukwaruze, ajue ni ya nani." Akamweka mtoto mapajani pa Mama Germaine, akaingiza mikono yake nyuma ya mgongo wa yule mama, akaitafuta ile mingine, akaileta mbele na kuiweka juu ya mtoto. Kisha akavuta bakuli la sombe, akaendelea kuchambua.