Siku Isiyo na Tarehe

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, katika ukumbi mdogo wa kukodi pale Kihesa, Madam Goodness alifuta ubao kwa kipande cha kanga kuukuu, akaandika neno moja la Kihispania: cuando. Kisha akawageukia wanafunzi wake sita, wote madereva na waongoza watalii, akawaambia kuwa neno hilo ni "wakati" au "pindi" ya Waspania, na kwamba lina masharti.

"Wenzetu hawataki mambo ya juujuu," alisema. "Ukishatamka cuando wanakuuliza, hilo jambo huwa linatokea, au bado? Kama huwa linatokea, kitenzi kinavaa nguo za kila siku. Cuando llueve, mvua inaponyesha, gari linateleza. Hiyo mnaijua, mmeshasukuma magari. Lakini kama jambo bado, hata kama umeahidiwa na askofu, kitenzi kinabadilisha nguo. Cuando llegue. Atakapofika. Hajafika, jamani! Msimvalishe nguo za aliyefika."

Madam Goodness alikuwa amekaa Valencia miaka tisa akimtunza bibi mmoja mgonjwa. Bibi alipofariki, alirudi Iringa na masanduku mawili, Kihispania safi, na chuki kubwa dhidi ya machungwa.

Benchi la mbele alikaa Liberatus, kalamu sikioni. Miaka kumi na moja alikuwa dereva wa kuitwa katika kampuni ya utalii ya Bwana Anord. Wageni wakiwepo aliitwa, wasipokuwepo alisahauliwa hadi jina. Mkataba alikuwa ameahidiwa tangu mwaka wa kwanza. Ukipata leseni ya kubeba abiria, Bwana Anord alisema, na Liberatus akaipata. Msimu ukikaa vizuri, akasema, na msimu ukakaa vizuri mara tatu. Wageni wakirudi baada ya korona, akasema, na wageni wakarudi, wengine na wajukuu. Mwaka huu vikundi vya Waspania vilianza kumiminika Ruaha, na Bwana Anord akamshika bega. "Libe, ukijua Kihispania tu, siku hiyohiyo tunasaini."

Kwenye mkataba kulikuwa na bima, na bima ndiyo ingetibu goti la Benedicta, mkewe. Daktari alikuwa ameshasema ni la kupasuliwa, hakuna dawa ya kuchua wala ya kunywa. Mwaka wa tatu sasa mama wa watu alikuwa akishuka mteremko wa Kihesa kwa ubavu, beseni la mboga kichwani, akijifanya anaangalia mandhari.

"Liberatus," Madam aliita. "Nipe sentensi yenye cuando, ya jambo ambalo bado."

Liberatus akasimama. Wiki iliyopita alikuwa amekosea, akatumia kitenzi cha mambo ya kila siku, na darasa lilimcheka. Safari hii alipumua kwanza.

"Cuando llegue el día, firmaré el contrato," alisema. Siku itakapofika, nitasaini mkataba.

"Muy bien!"

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

"Karibu."

Aliingia mtu mfupi wa makamo, amevaa sweta la kahawia, nywele zimechanwa kwa adabu, viatu vimejaa vumbi jekundu. Aliomba radhi kwa kukatisha somo. "Mimi ndiyo ile siku," alisema. "Ya Liberatus kusaini mkataba. Nimesikia naitwa."

Madam Goodness alimwonyesha nafasi kwenye benchi, maana zilikuwa zimebaki dakika arobaini, wakaendelea na hasta que, yaani "mpaka".

Baada ya somo Liberatus alimpeleka nyumbani. Angemwacha wapi? Benedicta alikuwa anachambua mboga mlangoni.

"Kamwene," alisema Siku.

"Kamwene, baba. Karibuni ndani."

Katika nyumba ya Wahehe mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala, kwa hiyo Siku alinawa, akala ugali na maharage, akaongezwa, akala tena. Ndipo Benedicta akafuta meza, akakaa, akanyoosha mguu mbovu.

"Haya, tuambieni habari za huko mlikotoka."

"Nimetoka mbele kidogo," Siku alijibu. "Kwema tu."

Jioni jua lilizama kama kawaida, isipokuwa pale alipokaa Siku. Pale ilibaki saa nne asubuhi, sehemu yenye ukubwa wa mkeka hivi, yenye jua na joto lake. Benedicta alisogeza kigoda, akaliweka goti kwenye saa nne, akafumba macho. Happy, binti yao wa kidato cha pili, alihamishia madaftari yake hapo. Umeme ulipokatika mtaa mzima, yeye aliendelea na hesabu zake. Kufikia Jumapili jirani walikuwa wameshaleta sare za shule kuanika kwenye kiti cha mgeni, kwa sababu Kihesa mwezi wa saba shati linakauka siku ya tatu, tena kwa bahati. Wakati wa kulala Siku alijifunika blanketi mbili nzito ili asiwaamshe wenye nyumba.

"Na hili goti, mnaliona huko kwenu?" Benedicta alimuuliza.

"Naliona, mama. Liko kwangu, baada tu ya saini. Kuna fomu ya bima, na daktari ameshavaa glavu."

"Basi si muanze?"

Siku alitazama viatu vyake. "Siwezi kujianzisha mwenyewe. Mpaka nipewe tarehe."

Jumatatu saa mbili asubuhi walifika ofisini. Gloria wa mapokezi aliwasukumia kitabu cha wageni bila kuinua macho, na Siku akajaza kwa mwandiko mzuri. Jina, Siku. Anakotoka, Mbele. Anayekuja kumwona, Mkurugenzi. Sababu, Kufika. Kwenye saa ya kuingia aliandika saa nne. Gloria aliangalia saa ya ukutani, akamsahihisha kwa kalamu nyekundu.

Bwana Anord hakuwa mtu wa kukunja uso. Angekuwa hivyo labda Liberatus angeshamwacha zamani. Alisimama, akamsalimia Siku kwa mikono miwili, akaagiza chai na maandazi. Alimsikiliza Liberatus akieleza kwa Kihispania jinsi tembo anavyovuka mto, akapiga makofi.

"Bosi," Liberatus alisema, "mlisema nikijua Kihispania, siku hiyohiyo tunasaini. Siku yenyewe ndiyo huyu hapa."

"Na nimefurahi sana kumwona! Nimemsubiri kama wewe ulivyomsubiri." Bwana Anord alimsogezea Siku sahani ya maandazi. "Ila utaratibu unaujua, Libe. Matapeli siku hizi wamejaa. Nitajuaje kama ni yenyewe? Mchukulie barua ya utambulisho serikali ya mtaa, mambo yaishe."

Liberatus hakuona ubaya. Bila barua ya serikali ya mtaa mtu hafungui hata akaunti ya kuwekea shilingi, sembuse kuanza kama siku. Wakaenda. Mtendaji, mama mmoja aitwaye Esnath, aliwapokea vizuri, kwani sare ya mwanawe ilikuwa imekaukia palepale kwa mgeni. Alibandika picha ya pasipoti, ambayo ilitoka nyeupe tupu kwa wingi wa mwanga, akaandika kwamba mtajwa hapo juu anaishi kwa Liberatus, ana tabia njema, na hajawahi kuleta usumbufu mtaani. Akagonga muhuri. Alipofika kwenye tarehe, kalamu ikasimama.

"Niweke ya leo?"

"Ya leo ni ya mwenzangu," Siku alisema. "Yangu anayo bosi."

Esnath alikuwa mama mwaminifu. Hakutaka kudanganya kwenye karatasi ya serikali, akaacha nukta.

Bwana Anord aliisoma barua mara mbili, akavaa miwani, akaisoma tena. "Barua nzuri sana. Muhuri upo, sahihi ipo." Akaiweka mezani taratibu. "Haina tarehe."

"Tarehe inatakiwa itoke kwenu, bosi," Liberatus alisema.

"Itatoka! Nani amesema haitatoka? Barua ikikamilika, mimi nampa tarehe hapohapo."

"Barua haiwezi kukamilika mpaka mmpe tarehe."

"Ndiyo maana nakwambia fuatilia," alisema Bwana Anord kwa upole mwingi, akamwongezea chai.

Liberatus alihisi hasira ikimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Aliifikiria leseni, akaifikiria misimu mitatu, akamfikiria Benedicta anavyojifanya anaangalia mandhari. Maneno yote aliyoyabana kwa miaka kumi na moja yalimjaa mdomoni, ya Kiswahili, ya Kihehe, na sasa hata ya Kihispania. Alifungua mdomo.

"Sawa, bosi," alisema. Baadaye alijichukia kwa neno hilo kuliko kwa mengine yote.

Siku alikuwa ametangulia nje, amekaa kwenye ngazi za uani akisubiri. Mahema ya kambi yalikuwa yamefuliwa tangu Alhamisi na bado yalining'inia kwenye kamba, mazito, yakidondosha maji. Yale mawili yaliyokuwa karibu na ngazi yalikauka kabla Liberatus hajamaliza kutoka ofisini. Bwana Anord aliliona hilo kutoka dirishani. Alishuka mwenyewe, mikono mfukoni.

"Bwana Siku, kwa sasa una shughuli gani?"

"Nasubiri."

"Vizuri. Sasa si unaweza kusubiri huku unasaidia saidia?"

Siku alikuwa mtu wa adabu. Alikuwa hajawahi kufika popote kabla ya hapo, wala hakujua kwamba mtu anaweza kukataa. Alivua sweta, akaanza kusogeza mahema karibu, moja baada ya jingine. Kufikia mchana alikuwa amekausha yote kumi na manne pamoja na mataulo.

Wiki iliyofuata alipelekwa kambini, mbele ya Idodi, kwa kazi ya kutwa. Aliyempeleka ni Liberatus, kwa sababu ndiye dereva aliyeitwa. Siku alikaa kiti cha mbele, na vumbi lililoingia dirishani lilimetameta miguuni pake kama la asubuhi.

Kambini alipendwa sana. Waspania walitoka kwenye mahema alfajiri wakitetemeka, wakajipanga kumzunguka na vikombe vyao vya kahawa, wakaota saa nne wakati kila mahali pengine ni saa kumi na mbili. Kwenye kitabu cha maoni waliandika kwamba jua la kambini ni zuri na linaanza mapema. Bwana Anord aliongeza mahema matatu.

Nyumbani kona ya sebule ilirudi kuwa mwezi wa saba kama nyumba nzima. Jirani walichukua sare zao. Benedicta aliliweka goti pale pale kwa mazoea, halafu akaliondoa.

"Siku yetu wameichukua," alimwambia mumewe, bila kupandisha sauti. "Na aliyewapelekea ni wewe, Baba Happy. Kwa gari lao."

"Ningefanyaje, Mama Happy?"

"Sijui," alisema, na kweli hakujua. Aliinuka kwa kushikilia meza, akaenda kupika.

Mwezi wa kumi Siku alipewa ruhusa ya siku mbili. Jumamosi alitokea tena mlangoni pa darasa, amekonda kidogo, sweta limetoboka kiwikoni, na daftari jipya kwapani. Bwana Anord alikuwa amemshika bega. Siku, alimwambia, ukijua Kihispania tu, nakupa tarehe.

"Karibu," alisema Madam Goodness, akamwandika jina.

Alikaa benchi la mbele na Liberatus, na daftari la Liberatus likapata mwanga. Siku alikuwa mwepisi wa kuelewa. En cuanto, yaani "mara tu", aliipata mara moja, na kwenye antes de que, "kabla", hakukosea hata kidogo. Kulipobaki dakika kumi, Madam alimtaka asimame atoe sentensi yake mwenyewe, yenye cuando, ya jambo ambalo bado.

Siku alisimama, akanyoosha sweta. Alifikiri kidogo. Nje ya dirisha Benedicta alikuwa anatoka sokoni na beseni lake.

"Cuando yo llegue," alisema, "Benedicta bajará la cuesta de frente."

Nitakapofika, Benedicta atashuka mteremko akitazama mbele.

Liberatus aliinamisha uso kwenye daftari. Madam Goodness aliikagua sentensi kuanzia mwanzo, akakitazama kile kitenzi kwa muda, mtu amesimama mbele yake na bado anasema atakapofika. Hakuona kosa.

"Muy bien," alisema, akaweka alama ya vema ubaoni.

Benedicta alipita dirishani, akawapungia mkono mmoja, akaendelea kushuka kwa ubavu.