Mstari wa Mafinga

Mafinga. Mafinga. Mafinga. Mafinga. Kioo kilijaa Mafinga kutoka juu hadi chini, na Mbuke akaizima programu kwa kubonyeza kwa nguvu mpaka kibodi ikateleza mezani.

"Hivi nimekukosea nini, jamani?" aliiuliza kompyuta.

Kazi yenyewe ukiisikia utadhani mchezo. Iqbal anauza intaneti kwa minara yake midogo, kuanzia Mbeya kwenda Iringa mpaka Ruaha Mbuyuni. Mbuke alikuwa amemwandikia ajenti kwa lugha ya C, yaani programu inayokaa kwenye mashine ya ofisini Mbeya na jedwali la minara: kila mnara mstari wake, namba yake, na chaji ya betri yake. Kompyuta ya uangalizi inauliza, "Wa kwanza nani?" Ajenti inajibu, Mbeya. "Anayefuata?" Chimala. "Anayefuata?" Makambako. Basi hivyo hivyo kwa mpangilio wa namba mpaka minara iishe. Wiki nzima Mbuke alikuwa anauliza mnara mmoja mmoja kwa namba, ila leo alipotaka yote kwa mfululizo, ikifika Mafinga, ukiiuliza anayefuata, inakujibu Mafinga. Haitoki hapo hata uipigie magoti!

Na ilikuwa Ijumaa. Iqbal alikwisha sema kwamba akitoka msikitini atapita kuliona jedwali likitembea lote. Lisipotembea, ananunua programu ya watu wa Dar, na hii ya Mbuke inakwenda kapuni. Miezi minane ya maisha ya mtu, kapuni!

Akampigia Jailos, fundi wa upande wa Iringa, ambaye siku hiyo alikuwa Mafinga akifunga intaneti kwenye kiwanda cha mbao.

"Kamwene, dada Mbuke!" Jailos alipaza sauti juu ya kelele za misumeno.

"Kamwene nini! Umefanya nini kwenye mnara wangu?"

"Mimi? Redio si iliungua na radi wiki iliyopita? Nimefunga mpya siku ile ile."

"Umeipa namba gani?"

"Nne. Ile ile ya marehemu."

Mbuke akasimama. "Jailos! Namba ziko tele! Kwa nini umpe mpya namba ya aliyekufa?"

"Sasa dada, kwetu anayekaa nafasi ya marehemu anarithi na jina lake. Nimwite jina la mtaani? Halafu hiyo nne nimeshaipaka rangi ya mafuta kwenye nguzo." Akaongeza bila kinyongo, "Na yule wa zamani nilimfuta kwanza, kama ulivyotufundisha. Ikaniandikia: imefutwa."

Mbuke akakata simu bila kuaga. Akafungua sehemu ya kufuta, apate ushahidi wa kumkomesha nao. Akasoma. Akasoma tena, na uso ukamshuka.

Mistari ya jedwali lake ilikuwa imeshikana mnyororo, kila mmoja ukionyesha alipo mwenzake wa mbele. Kufuta ni kumtoa mmoja, na waliobaki washikane. Yeye hakuwa akimtoa mtu. Alikuwa anambandika alama ya "imefutwa" na kumwacha palepale, maana kila alipojaribu kumtoa programu nzima ilianguka, akachoka, akajiandikia pembeni kwamba atarekebisha baadaye. Sasa namba nne walikuwa wawili. Ukimuuliza marehemu anayefuata, anakuonyesha mrithi wake, na ukimtaja mrithi kwa namba, anaitika marehemu, tena na chaji ile aliyokufa nayo.

"Mjinga mimi," alisema. "Mjinga kabisa."

Akaanza kumtoa. Programu ikaanguka. Loo! Alikuwa ameirudishia kompyuta nafasi ya marehemu kabla hajamuuliza nani yuko mbele yake, mnyororo ukakatika. Akapindua mpangilio: kwanza mshikishe wa nyuma na wa mbele, ndipo umwachie wa katikati. Akaiwasha upya, na Iqbal akaingia na kanzu yake.

Mbeya. Chimala. Makambako. Mafinga. Iringa. Ruaha Mbuyuni. Mwisho. Lilitembea lote! Ila mstari wa Mafinga ulikuwa mwekundu, betri inakaribia kuzima.

"Mbona wiki nzima unaniambia Mafinga imejaa chaji?" Iqbal aliuliza. "Watu wa huko wakilalamika nawaambia tatizo liko kwao!"

"Nilikuwa namsoma marehemu, bosi." Akamweleza.

"Kwa hiyo ni huyo Jailos na namba zake. Sema tu ni yeye, tuendelee na jedwali lako."

Jina la Jailos lilikuwa mdomoni tayari, jepesi kabisa. Mbuke akalimeza.

"Ni mimi. Nilijua kufuta kwangu hakufuti, nikaacha hivyo hivyo."

Iqbal akatoa simu, akaenda dirishani. "Ndiyo, Jumatatu," alisema. "Njooni nayo hiyo programu yenu."

Mbuke aliona betri ya Mafinga si ya kusubiri. Akampigia Jailos. "Kaka, kimbia mnarani uwashe jenereta. Na unisamehe, kosa lilikuwa langu."

Iqbal alikuwa bado anapatana na watu wa Dar mstari wa Mafinga ulipogeuka kijani: inachaji.

"Bosi, geuka uone!"

Iqbal akanyanyua kidole, subiri kwanza, akaendelea kuzungumza huku akitoka mlangoni.

Simu ya Mbuke ikalia. "Dada, limewaka!" Jailos alikuwa anahema. "Mmeona huko?"

"Nimeona, kaka. Asante."

"Na mzee kaona?"

Mbuke alisikia viatu vya Iqbal vikishuka ngazi.

"Hajaona," alisema.