Kigae Kilichogeuzwa

Jumatano alasiri, kahawa ya iliki ikiwa imekwisha kumiminwa katika ukumbi wa shule huko Beit Jala, kigae cha kwanza cha sakafu kilitokea chini ya kiti cha Mama Nabil. Kilikuwa chekundu, chenye ua jeusi la ncha nane. Mwezeshaji alikiruka akaendelea na kanuni za kikao cha Wapalestina na Waisraeli: tuzungumzie hisia, ardhi tuiache nje.

"Hicho cha jikoni kwetu Haifa," alisema Mama Nabil. Alitolewa katika nyumba ile mwaka wa 1948, akiwa na miaka sita. Tangu hapo yuko kambi ya wakimbizi, na kibali cha kwenda kuitazama amenyimwa mara kumi.

"Kwetu pia," alisema Zehava, Mwisraeli aliyekulia katika nyumba hiyohiyo na bado anaishi humo. "Asubuhi nimekuta shimo mbele ya jiko. Nikadhani panya."

"Panya gani abebe kigae?"

"Wa Haifa huwajui, dada."

"Nimezaliwa nao."

Kila Jumatano kila kumbukumbu ilileta kigae chake, kikajipanga sakafuni kando ya vingine. Mama Nabil alimkumbuka mama yake akiosha sakafu Alhamisi kwa sabuni ya Nablus. Zehava alikumbuka kulala kifudifudi wakati wa joto, shavu juu ya ua, akingoja samaki aive. Cha mwisho kilikuja kimoja kilichogeuzwa, ua lake kinyume: baba yake Mama Nabil alikitia kwa haraka siku mkewe alipoanza uchungu wa uzazi. Mwezeshaji aliinama akiweke sawa.

"Usikiguse," walisema wote wawili.

Wiki hiyo Zehava alileta fomu ya mwaliko ya kumwombea Mama Nabil kibali, ameshaijaza.

"Umeandika mgeni," alisema Mama Nabil.

"Niandikeje?"

"Mwenye nyumba."

"Fomu haina neno hilo."

"Na wewe unalo?"

Zehava alikoroga kahawa yake, ambayo haikuwa na sukari.

Ombi la kumi na moja lilikataliwa kwa sababu za usalama. Alhamisi Mama Nabil alikwenda ukumbini na ndoo ya maji ya sabuni, akapiga deki juu ya vigae, akayasukuma maji kuelekea upande ambao jikoni kwao palikuwa na mlango wa bustani. Hapa palikuwa na ukuta wa shule. Maji yaliupenya.

Huko Haifa yalitokea jikoni, juu ya udongo mtupu, yakinuka sabuni. Zehava alivua viatu, akayafungulia mlango wa bustani yatoke. Kisha akaufunga kwa ufunguo, kama kila siku.