Rangi ya Rweya

Siku ya tatu ya mafunzo, katika ukumbi mmoja wa Rwamishenye, Bukoba, maafisa mipango walitandaza ramani za maeneo yao mezani. Mwezeshaji, Josia, aliwataka waoneshe kila ardhi inawapa watu nini: maji, chakula, kuni, dawa. Meza ya wilaya ya Muleba ilikuwa na ramani ya kata ya Izigo, ambayo wiki inayofuata ingekwenda mbele ya madiwani. Ndani yake uwanda mpana wa nyasi, ambao Wahaya huuita rweya, ulikuwa umeachwa mweupe. Ufunguo wa ramani ulisema: ardhi tupu. Na ardhi hiyo tupu ilikwisha kupangiwa mikaratusi.

Klaudia, mmoja wa maafisa wa meza hiyo, aliutazama ule weupe. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mhudumu wa ofisi ya mipango, mchana akibeba mafaili, jioni akisoma. Cheti chake cha mipango kilikuwa na miezi saba tu. Na aliyeichora ramani ile ni Aristides, mkuu wake, mzaliwa wa Izigo hiyohiyo.

Alimwomba Mungu ampe ulimi, akanyoosha mkono.

"Waitu, hapa si patupu," alisema, akianza kwa neno la heshima la Kihaya.

Aristides alimtabasamia. "Mama Lilian, rweya ina nini? Nyasi na upepo."

Meza nzima ikacheka. Klaudia akangoja wamalize.

"Migomba ya kibanjani kwa mama yako inatandaziwa nini?"

Jibu akalitoa mwenyewe, na kadiri alivyosema ndivyo sauti ilivyomkaa. Nyasi za rweya ndizo zinazotandazwa migombani, zikaoza, zikawa rutuba. Bila hizo migomba ingedhoofu na mikungu kuwa kama ngumi. Huko wanawake hulima njugumawe, ng'ombe hulishwa, na mvua hunyonywa taratibu hadi kwenye chemchemi za bondeni. Mikaratusi ingeyanywa maji hayo yote. Hayo hakuyatoa kitabuni. Mizigo ya nyasi alianza kuibeba kichwani akiwa na miaka saba. Darasa la jioni lilimpa tu majina ya mambo hayo.

Josia alimgeukia Aristides. Aristides akajikuna kidevu.

"Jumamosi nilimkatia mama nyasi palepale," alisema. "Jumatatu nikaenda ofisini nikapaita patupu."

Safari hii yeye ndiye aliyeanza kucheka. Akamsogezea Klaudia kalamu, akasema kuwa mbele ya madiwani atakayeieleza ramani ni Klaudia mwenyewe, na mikaratusi itafutiwe mahali pengine.

Klaudia alishukuru kimoyomoyo. Akaupaka uwanda ule rangi ya kijani, akafuta maneno yale mawili, akaandika: matandazo, malisho, njugumawe, maji. Nafasi haikutosha. Akaendelea pembeni mwa ramani.