Moshi wa Clarrie

Miaka yote ya ndoa yangu na Clarrie Hoskin nilifua shuka mara mbili: mara ya kwanza kwa uchafu wetu, mara ya pili kwa moshi wa pikipiki yake. Ilikuwa moja ya zile za Kijapani za zamani zinazounguza petroli pamoja na oili, silinda tatu, mlio kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Wenzake wa chama cha pikipiki walisema moshi ule unanukia. Niliwaambia basi waje wakauvae.

Baba yake Clarrie aliinunua ikiwa mpya, akawaachia wote wawili, Clarrie na mdogo wake wa kiume, Lindsay. Hapo ndipo undugu ulipoharibika. Lindsay alitaka ibaki kama ilivyotoka kiwandani, hata skrubu isiguswe. Clarrie naye, ukimwachia msumeno, hata mimi angenipunguza. Alikata kiti, akashusha usukani, akachomelea ekzosti tatu za kwake mwenyewe bandani. Lindsay alipoiona alisema kaka amemtahiri marehemu baba. Clarrie akaapa mbele yangu, mkono juu ya birika la chai, kwamba injini hajaigusa. Lindsay akamwita mwongo, akarudi zake Adelaide, na hakukanyaga tena mji wetu wa Kalkarra mpaka mapafu ya Clarrie yalipomwisha.

Siku zilezile za ugomvi kopo langu la bati la biskuti lilipotea, lile lenye maua ya waridi. Nilimshuku mke wa mchungaji, nikaacha kumpelekea keki.

Kwenye chama chao, pikipiki ya marehemu hutangulia msafara, na wa kuipanda ni ndugu wa damu. Asipopatikana, inabebwa kwenye trela kama kondoo mgonjwa. Ikifika kwenye maghala ya ngano, mpandaji anaifungulia mafuta yote, na magari ya nyuma yanapiga honi za heshima.

Asubuhi ya mazishi Lindsay alisimama jikoni kwangu, kofia mkononi, mzee wa watu.

"Shemeji, kaka alinipigia simu hata sauti ikamwisha. Sikupokea hata moja," alisema. "Niachie nimpeleke. Nikimkosa na leo, basi tena."

"Kiuno kitakubali? Maana nimeagiza sanduku moja tu."

Akacheka, na mimi nikacheka. Mungu anisamehe.

Bandani alichutama, akatazama kile kidirisha cha tangi la oili pembeni mwa pikipiki, oili ambayo pampu huivuta na kuichanganya na petroli. Limejaa. Nev Pascoe, rafiki wa Clarrie, ambaye ndiye angeniendesha kwa gari siku hiyo, akamkumbusha kwamba Clarrie hakuwahi kutoa vidole viwili kwenye klachi, ili injini ikikwama aivute kabla gurudumu halijafunga.

"Hiyo ni kwa aliyeichokonoa injini," Lindsay akamjibu. "Kaka aliapa hajaigusa. Nilimbishia akiwa hai. Leo namwamini."

Nilimpenda kwa neno hilo.

Petroli ilikuwa imebaki chini kabisa, kwa hiyo akasimama kituo cha mafuta akajaza tangi, msafara mzima ukimngoja. Tukaondoka: yeye mbele, mimi na Nev nyuma yake, kisha gari la maiti. Mwanzoni moshi ulitoka kama kawaida, watu kando ya barabara wakavua kofia na kukohoa. Tulipopita shule ukapungua. Tulipovuka reli ulikuwa umekwisha. Nyuma ya pikipiki hewa ilikuwa safi kama asubuhi ya Jumapili.

"Nev," nikasema, "mbona haitoi moshi?"

"Haipati oili!" Nev akasema. Akaikandamiza honi na hakuiachia. Lakini maghala tulikuwa tumeshayafikia, na wa magari yote ya nyuma, wakidhani ndiyo wakati, nao wakapiga honi. Lindsay akasikia heshima. Akafungua mafuta yote, akainua mkono wa kushoto, ule wa klachi, akatupungia.

Mlio ulikatika kama uzi. Gurudumu la nyuma likafunga, pikipiki ikalala, na Lindsay akapokelewa na nguzo ya zege. Nilipiga magoti pale na soksi zangu mpya. Macho yalikuwa wazi. Hakuacha neno, maneno ya mwisho ni ya watu wenye muda.

Clarrie tulimzika jioni ileile, kwa kuwa kaburi lilikuwa linangoja. Mchungaji alisoma akiangalia viatu.

Kesho yake Nev alifungua ubavu wa injini. Pampu ya oili haikuwemo. Clarrie aliitoa zamani ili injini ifoke zaidi, akawa anachanganya oili na petroli mwenyewe, mlango wa banda ukiwa umefungwa. Lindsay kituoni alijaza petroli tupu. Lile tangi la pembeni aliliacha limejaa, urembo mtupu, mdogo wake asije akagundua. Tundu la pampu aliliziba kwa kibati alichokikata kwa mkasi. Nev alikifuta kwa kidole gumba, akanipa. Kilikuwa na nusu ya ua la waridi.

Lindsay tulimlaza ubavuni mwa kaka yake. Sasa wabishane, hakuna wa kurudi Adelaide. Mke wa mchungaji nimempelekea keki, akaipokea kwa wasiwasi.

Shuka zangu siku hizi nazifua mara moja tu. Nikizianua huzinusa, hamna kitu.