Mchungaji Uc Anakwenda Uxmal

Mchungaji Crescencio Uc alizeeka karibu na magofu ya Uxmal, mji wa kale wa Wamaya, bila kuyatia machoni. Kijiji chetu kiko mwendo mfupi tu wa gari, na mabasi ya wageni hupita mbele ya kanisa lake kila asubuhi. Yeye alikuwa akifundisha kwamba kule ni maskani ya shetani, mahali watu walipopasuliwa vifua kwa ajili ya kulisha nyoka. Alifundisha hivyo kwa nia njema, maana naye ndivyo alivyofundishwa.

Binti yake wa pekee, Minelia, alipomwambia kwamba anakwenda mjini Mérida kusomea kazi ya kuongoza watalii, hakumpiga wala hakumfukuza. Alifanya baya zaidi. Jumapili iliyofuata alisimama madhabahuni akamwombea, kanisa zima likisikia, "binti aliyemwacha Mungu aliye hai akayatumikie mawe." Minelia alikuwa benchi la pili, kando ya mama yake. Aliinuka katikati ya maombi, akatoka, na usiku ule hakurudi kulala.

Miaka tisa ikapita. Mwezi wa pili mwaka huu mama yake, Doña Teodora, akafariki kwa ugonjwa wa figo. Minelia alikuja makaburini, akasimama nyuma ya watu, akaweka maua yake, akaondoka bila kuingia nyumbani wala kuonja chakula. Hilo la chakula ndilo lililomkaa mchungaji rohoni. Akawa anakula nusu sahani na kuiacha.

"Shemeji, utamnunia mtoto mpaka lini?" akamuuliza Gaspar, kaka wa marehemu, ambaye ana gari dogo la kupeleka viatu sokoni. "Na huyo ndiye pekee uliye naye."

"Simnunii."

"Basi twende ukamwone. Kama hutaki kumwona yeye, kaone mawe. Huenda shetani mwenyewe hayupo, siku hizi amehamia Cancún kwenye mahoteli na fedha."

Mchungaji hakucheka. Lakini kulipokucha alikuwa mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, kofia mkononi.

Walimkuta Minelia chini ya piramidi kubwa, ile ya pembe za mviringo, akiwa na familia moja kutoka Monterrey. Alikuwa amenenepa kidogo, na sauti yake ilikuwa imepata uzito. Alikuwa akiwaambia wageni wapige makofi. Wakapiga, na kutoka juu ya ngazi yale makofi yakarudi kama mlio wa ndege wa porini. Watoto wakarudia tena na tena. Minelia alipogeuka kuwanyamazisha, akamwona baba yake.

Akaanza sentensi, akaiacha njiani, kama mtu aliyesahau alipofikia. Kisha akasema, "Hawa mabwana wawili tutakuwa nao," akaendelea.

Mchungaji akawafuata nyuma nyuma. Alikuwa amejiandaa kwa harufu mbaya, kwa mafuvu, kwa kitu cha kumfanya akemee. Alichokiona ni vyumba. Vyumba vingi vyenye ubaridi, milango iliyoelekea ua mpana, na mijusi wakubwa waliojianika juani bila kumjali mtu. Juu ya mlango mmoja akaona kitu kilichochongwa, akasimama. Kilikuwa kibanda cha makuti, na paa lake lilikuwa la mteremko ule ule wa nyumba alimozaliwa yeye, ambamo mama yake alipika mpaka alipokufa.

"Samahani, dada," akasema kwa Kihispania, kama mgeni. "Hiyo ni nini?"

"Nyumba, bwana," Minelia akajibu. "Hawa waliojenga majumba ya mawe waliona hata kibanda cha mkulima kinafaa kuwekwa juu ya mlango wao. Wajukuu zao bado wanajenga hivyo hivyo. Wengine wanaona haya kusema wao ni wajukuu."

Gaspar akakohoa. Mchungaji akavua kofia, akaipangusa ndani ingawa haikuwa na jasho.

Wageni walipokwenda kupiga picha, Minelia akaja na chupa ya maji akampa baba yake. Sasa alisema Kimaya.

"Kunywa, baba. Huna mazoea ya jua la huku."

"Mama yako angependa kukuona ukifanya kazi," mchungaji akasema. Ndilo neno alilokuwa amelitafuta njia nzima.

"Aliona."

"Aliona wapi? Teodora hakuwahi kukanyaga hapa."

Minelia akamtazama Gaspar, na Gaspar akatazama chini.

"Kila alipokwenda kliniki mjini Ticul," Minelia akasema, "akimaliza kwa daktari alikuja huku. Alikaa pale, karibu na ile nyumba yenye kobe wa mawe. Alikuja na mayai na tortilla, chapati za mahindi, zilizopakwa mbegu za maboga, tukala pamoja nikipumzika. Alikuwa akiwaambia wageni, huyu ni wangu."

Mchungaji akakumbuka jioni zile. Mkewe alirudi amechoka lakini uso umechangamka, akaimba akiosha vyombo, na yeye akamshukuru Mungu kwa ajili ya daktari wa Ticul. Mara mbili alimwombea daktari yule kwa jina.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimleta," akamwambia Gaspar.

"Dada yangu akiniambia endesha, naendesha."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alisema atakwambia siku utakayouliza habari zangu," Minelia akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo lilimuumiza mzee zaidi. "Alingoja, baba."

Mzee akaizungusha chupa mikononi. Katika miaka yote ile jina la Minelia halikutoka kinywani mwake mezani, na kwa kunyamaza alidhani anamhurumia mkewe.

"Jumapili utakuja tule?" akauliza mwishowe.

"Jumapili ndiyo siku ya wageni wengi."

"Siku nyingine basi."

"Nitaona, baba." Yule mama wa Monterrey alikuwa akimwita. Akaenda.

Mchungaji akatembea mpaka kwenye nyumba yenye kobe, akakaa juu ya ukuta mfupi mbele yake. Gaspar alimwacha peke yake muda mrefu, na alipomfuata akakuta macho yake ni mekundu.

"Hapa pana upepo mzuri," mchungaji akasema. "Tungekaa watatu."

Minelia alikuja nyumbani mwezi wa sita, mvua zilipoanza. Alikula, akasifu maharage, wakazungumza juu ya mahindi na juu ya paa la jikoni linalovuja. Aliaga kabla giza halijaingia. Mwezi uliofuata hakuja. Mchungaji siku hizi hupanda gari la Gaspar kwenda Uxmal mara moja moja, akabeba chakula. Kuna siku humkuta binti yake ana nafasi, na kuna siku hukaa pale penye kobe akala peke yake.