Mgowe Uliomtangulia Mkaguzi

Tangu asikie kwamba kijana mkulima bora wa Kilolo atapewa pampu ya maji na kupelekwa Mbeya kwenye Nane Nane, Bertha hakuwa na usingizi wa maana. Sifa zilimpita tu. Yeye aliitaka pampu. Kiangazi chote alipandisha maji kwa ndoo kutoka bondeni mpaka shingo ikazama mabegani, na bado mboga zilikauka.

Asubuhi ile ya baridi akashuka barabarani kumpokea mkaguzi wa shindano hilo, Mama Verediana, mwenye mabuti na maneno machache. Wakipanda mlima, Bertha akamweleza habari za viazi vyake: mbegu ameichagua mwenyewe, vimekomaa, vinangoja macho yake tu.

"Usinisimulie, mwanangu. Mimi nang'oa shina kwa mkono wangu, ndiyo natoa alama."

Walipopinda kona, Bertha akasimama kama aliyekanyaga mwiba. Shamba lilikuwa jekundu tupu. Pembeni magunia yamejaa viazi vilivyokwisha kung'olewa, na majirani wameegemea majembe, nyuso zinang'aa kwa jasho na furaha.

"Kamwene, mgeni," akasema Bibi Roza, mkubwa wa mgowe, kikundi chao cha kulimiana kwa zamu. "Tumedamka na nyota. Mgeni amkute mtoto wetu na kazi haijaisha? Aibu hiyo tungeiweka wapi?"

Bertha alitaka kulia. Lakini utamliliaje mtu aliyekuja na jembe lake kwa ajili yako? Akawageukia. "Asanteni, wazee wangu. Mmenifaa."

Mkaguzi akatazama magunia, akatazama udongo. "Kazi nzuri. Ila gunia halipati alama kwangu. Linaweza kutoka shamba lolote."

Bibi Roza akageuka taratibu. "Bertha, kwani tumeharibu?"

"Hamjaharibu, bibi."

Mara ukasikika mkoromo kutoka chini ya shamba, karibu na kijito. Wakashuka kuangalia. Obeid, mwenzao wa mgowe, alikuwa chali kando ya ngwe aliyopangiwa kuvuna, kibuyu cha pombe ya komoni ubavuni, na ngwe yenyewe imesimama na majani yake yote.

"Huyu kila mgowe ni hivihivi," akasema Bibi Roza. "Mdomo jembe, mkono pamba."

"Nilijinyoosha kidogo tu, bibi."

Mama Verediana alikwishaingia tutani. Akashika shina, akavuta. Viazi vikatoka vimesongamana kama vifaranga chini ya mama yao. Akavuta jingine. Akapangusa udongo mikononi, akawageukia majirani, akauliza, "Na ninyi, kilichowaamsha na nyota ni nini hasa?"

"Viazi vyangu vilipooza, alinigawia mbegu," akasema Nashoni.

"Nilipojifungua alinilimia," akadakia Violet.

"Zamu yake ya mgowe huwa anampa mgonjwa," akasema Bibi Roza. "Leo tumemvizia."

Mkaguzi akacheka kwa mara ya kwanza tangu barabarani. "Basi alama zote nimezipata hapa, za shamba na za watu."

Bertha akaenda Mbeya, akarudi na pampu, na mgowe mzima ukateremka bondeni kuishuhudia. Iliponguruma, mpira wa maji ukajikunja kama nyoka, ukamponyoka Bertha mikononi na kuwamwagia wote. Wazee wakatimua mbio mlimani wakicheka kama watoto. Aliyefika juu wa kwanza ni Obeid.